Mtoto mwenye ugonjwa wa matumbo: tusisahau figo zake

Jumatano moja, baada ya maombi ya jioni, papa mmoja wa kanisa letu alitusubiri karibu na mlango. Mkononi alikuwa na karatasi ya labo iliyokunjwa mara nne. Mtoto wake wa kiume, wa miaka minane, alikuwa ameugua tumbo kwa zaidi ya miaka miwili: kuharisha damu, maumivu, homa za hapa na pale, kukonda. Walikuwa wametibu amiba mara tatu. Walikuwa wametibu minyoo na tifoidi. Majirani walikuwa wamekwisha kusema ni karuho, kwamba kuna mtu aliyemlisha mtoto sumu, na jina la mama mkwe mmoja lilianza kutajwa kwenye avenyu. Mwishowe ndugu wa mama anayekaa Kampala aliwaita, na huko madaktari walimwingiza mtoto kamera ndogo, wakatazama utumbo kwa ndani, wakasema: ni ugonjwa wa Crohn, haukuletwa na mtu yeyote.

Walirudi na dawa. Zilipoisha, mjomba alituma nyingine kwa basi, kila mwezi, bila kukosa. Damu ilipungua, nasi tulifurahi pamoja nao. Lakini mwezi wa saba mtoto akaanza kuchoka, kuwa mweupe viganjani, na kutapika asubuhi. Papa akampeleka kupimwa. Ile karatasi ndiyo aliyotuonyesha: kreatinini 1,0. Pembeni palichapwa kiasi cha kawaida: 0,6 hadi 1,2.

«Pasta, figo ni nzima,» alisema. «Karatasi inasema.»

Tulisoma karatasi, tukaona kweli 1,0 iko katikati ya 0,6 na 1,2, tukamshukuru Mungu pamoja naye. Tulikosea. Siku mbili baadaye muuguzi mmoja wa kamati yetu ya afya alipoona karatasi ile ile, hakuuliza kitu kingine ila hiki: «Mtoto ana urefu gani?» Hakuna aliyejua. Hakuna aliyempima.

Kwa nini muuguzi aliuliza urefu, na urefu una uhusiano gani na figo? Hilo ndilo tunalotaka kueleza hapa, kwa sababu tangu siku ile tumekutana na familia nyingine mbili zenye mtoto wa namna hiyo, na zote mbili hazikujua kwamba ugonjwa wa utumbo unaweza kushuka mpaka kwenye figo.

Ugonjwa wenyewe ni upi

Mwili una kinga yake, askari wanaopigana na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao huanza kushambulia utumbo wenyewe, na vita haviishi. Utumbo unavimba, unapata vidonda, unatoka damu. Ukishika utumbo mpana peke yake, kuanzia nyuma na kupanda juu, huitwa kolitisi ya vidonda. Ukiweza kushika sehemu yoyote kuanzia mdomo hadi njia ya haja kubwa, na hasa mwisho wa utumbo mwembamba, huitwa ugonjwa wa Crohn. Jina hilo linatoka kwa daktari Burrill Crohn wa New York, ambaye mwaka 1932, pamoja na wenzake Ginzburg na Oppenheimer, aliandika juu ya wagonjwa waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo. Hauambukizi. Hauletwi na uchawi wala na chakula cha jirani. Mtu hukaa nao kwa miaka, ukipoa na kuamka tena, na dawa zipo za kuutuliza.

Kwetu hujulikana kwa kuchelewa, na sababu yake si uzembe tu. Watoto wengi sana wanaoharisha damu hapa kwetu wana maambukizo kweli: amiba, shigela, kichocho cha tumbo. Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa kwenye utumbo na kufanana kabisa na Crohn. Kwa hiyo daktari anayetafuta maambukizo kwanza anafanya vizuri, tena ni lazima afanye hivyo, kwa sababu baadhi ya dawa za Crohn hulaza kinga ya mwili, na kumpa dawa hizo mtoto mwenye kifua kikuu au amiba kunaweza kumuua. Tatizo linakuja pale matibabu ya amiba yanaporudiwa mara ya tatu, ya nne, ya tano, bila mtu kuuliza swali jipya. Mtoto anayeharisha kwa zaidi ya wiki nne, akiona damu, akikonda na kuacha kurefuka, anahitaji kutazamwa na daktari mwenye uwezo wa kumchunguza zaidi, hata kama hospitali hiyo iko mbali.

Jinsi tumbo linavyofikia figo

Figo ni mbili, ziko nyuma, chini ya mbavu. Kila moja ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Kwa mtu mzima vichujio hivyo huchuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku, kisha mirija midogo iliyofuata inarudisha mwilini karibu maji yote pamoja na chumvi na vitu vyenye faida, na kinachobaki ni mkojo. Tukumbuke sehemu hizo mbili, vichujio na mirija, kwa maana ugonjwa unaweza kugonga moja na kuacha nyingine.

Njia ya kwanza ni ya wazi kuliko zote: maji. Mtoto anayeharisha mara nane kwa siku anapoteza maji na chumvi. Damu inapungua wingi, figo hazipati ya kutosha, mkojo unakuwa kidogo na wa rangi nzito. Mara nyingi, akinyweshwa upesi, figo hurudia kazi. Akicheleweshwa, mirija ile inaanza kufa.

Njia ya pili ni mawe, na hapa wamama wapishi watatusaidia kuelewa. Majani tunayokula, na hasa lengalenga, yana kitu kiitwacho oksalati. Kwa mtu mwenye tumbo zima, oksalati hiyo inakutana ndani ya utumbo na kalsiamu ya chakula, vinashikana, vinatoka pamoja kwenye choo. Lakini mtoto ambaye mwisho wa utumbo wake mwembamba umeumia au umekatwa hawezi kunyonya mafuta vizuri. Mafuta yanabaki ndani ya utumbo na kuikamata ile kalsiamu. Oksalati inabaki bila mwenzake, inapita kwenye ukuta wa utumbo mpana, inaingia kwenye damu, na figo ndizo zinazopaswa kuitoa. Huko, ndani ya mkojo ulio kidogo kwa sababu ya kuharisha, inakutana na kalsiamu nyingine na kuwa jiwe. Mtoto anashika ubavu, analia, anajikunja, pengine mkojo una damu. Watu husema tena: ni tumbo lake lile lile.

Je, tuache lengalenga? Hatusemi hivyo. Chakula cha nyumba nyingi kingebaki nini? Kuchemsha majani katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo hupunguza oksalati. Na kula majani pamoja na kitu chenye kalsiamu, katika sahani ile ile, husaidia oksalati ikamatwe ndani ya utumbo kabla ya kupita. Maziwa yana kalsiamu. Sambaza na ndakala zinazoliwa na mifupa yake zina kalsiamu. Kwa hiyo lengalenga iliyochemshwa, maji yakamwagwa, ikaliwa na sambaza za ziwa letu, ni chakula ambacho hata daktari wa figo angekubali. Wale waliowahi kupata jiwe wapunguze pia karanga nyingi na chai kali, nao wamuulize daktari kuhusu mafuta.

Kuna namna nyingine ya jiwe, la asidi ya uriki, ambalo huwapata hasa waliopasuliwa na kuachiwa mfuko tumboni wa kupokea choo. Wanapoteza maji na chumvi kwa mfuko huo kila saa, na mkojo wao unakuwa kidogo na mkali.

Njia ya tatu ni ya ujirani. Mwisho wa utumbo mwembamba uko chini upande wa kuume, karibu na mrija unaoteremsha mkojo kutoka figo ya kuume mpaka kwenye kibofu. Utumbo ukivimba sana, au ukiwa na jipu, unaweza kuubana mrija huo. Mkojo unarudi nyuma na figo inavimba kwa maji, wakati mwingine bila maumivu makubwa. Ekografi huonyesha jambo hilo, na kipimo hicho hakimuumizi mtoto. Mara chache zaidi, Crohn hutoboa njia kati ya utumbo na kibofu. Mtoto akikojoa mapovu ya hewa, au mkojo wenye uchafu wa choo, asingojee kesho.

Njia ya nne ni vita vyenyewe. Wale askari waliochanganyikiwa wanaweza kuacha mabaki yao kwenye vichujio. Kuna ugonjwa wa vichujio ambao kingamwili aina ya A hukwama humo, nao umeonekana kwa watu wenye Crohn na kolitisi. Dalili yake moja ni mkojo wenye rangi ya Coca au ya chai kali, mara nyingi wakati mtoto ana mafua au tumbo limeamka. Na kama vita vinaendelea miaka mingi bila kutulizwa, mwili unaweza kutengeneza protini mbaya inayojaa kwenye figo na kuziziba. Hilo kwa watoto ni nadra, lakini ni sababu moja ya kutoacha dawa kwa kuwa tu damu imekoma kuonekana.

Tuseme neno kuhusu rangi, ili watu wasiogope bure. Dawa ya zamani iitwayo sulfasalazini, ambayo daktari Nanna Svartz wa Sweden aliitengeneza kwanza kwa ajili ya ugonjwa wa viungo, hugeuza mkojo kuwa wa njano nzito au wa chungwa. Rifampisini ya kifua kikuu huugeuza kuwa mwekundu wa chungwa. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Bandeleti, kile kijikaratasi ambacho wauguzi huchovya kwenye mkojo, husaidia kutofautisha.

Dawa yenyewe

Njia ya tano ndiyo iliyompata mtoto wa papa yule.

Dawa aliyokuwa anatumiwa kwa basi inaitwa mesalazini. Ni dawa nzuri, imewasaidia watu wengi sana duniani, hasa wenye kolitisi, na wengi huitumia kwa miaka bila shida. Lakini kwa wachache, chini ya mmoja kati ya mia, huamsha uvimbe kati ya ile mirija midogo ya figo. Haitegemei sana wingi wa vidonge. Ni mwili wa mtu huyo unaoikataa. Mara nyingi hutokea katika mwaka wa kwanza, lakini hata baadaye yaweza kutokea. Ubaya wake ni ukimya. Hakuna maumivu, na mkojo unatoka kama kawaida. Bandeleti inaweza kuonyesha chembe nyeupe kidogo au protini kidogo, au isionyeshe kitu cha kutisha. Dalili zinazofuata, uchovu na kutapika na kupungua damu, zinafanana na za Crohn yenyewe, kwa hiyo kila mtu anadhani ni ugonjwa umeamka na anaongeza dawa.

Ikigunduliwa mapema na dawa ikasimamishwa, figo mara nyingi hupona, zote au sehemu kubwa. Ikichelewa, uvimbe unakuwa kovu, na kovu halirudi nyuma. Ndiyo maana madaktari wanaotibu ugonjwa huu hupima kreatinini kabla ya kidonge cha kwanza, tena baada ya miezi michache ya mwanzo, halafu angalau mara moja kila mwaka maadamu mtu anaimeza. Mtoto huyu alipimwa kabla, huko Kampala. Baada ya hapo, vidonge vilisafiri lakini daktari hakusafiri navyo. Hatumlaumu mjomba, ambaye alitoa pesa yake kila mwezi kwa upendo.

Huu si ruhusa ya kuacha mesalazini. Tunaomba hilo lisomwe mara mbili. Kuacha dawa bila daktari huamsha ugonjwa, na ugonjwa ulioamka unaumiza figo kwa njia zile nne za kwanza. Kinachotakiwa ni kupima.

Karatasi ilisema kawaida

Sasa turudi kwa swali la muuguzi. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Kila siku misuli inatengeneza kiasi chake, nazo figo zinakitoa. Figo zikichoka, taka inabaki kwenye damu na hesabu inapanda. Lakini mwenye misuli mingi hutengeneza nyingi, mwenye misuli kidogo hutengeneza kidogo. Mwanaume anayebeba mifuko ya saruji anaweza kuwa na 1,1 na figo zake ziko sawa. Mtoto wa miaka minane, mara nyingi, anapaswa kuwa karibu 0,3 hadi 0,6.

Kile kiasi kilichochapwa pembeni mwa karatasi, 0,6 hadi 1,2, kilikuwa cha watu wazima. Mashine au karatasi za labo nyingi zinakuja na kiasi hicho, na hakuna anayekibadilisha kwa ajili ya watoto.

Kwa watoto madaktari hutumia hesabu iliyotengenezwa na George Schwartz miaka ya 1970, ikasahihishwa mwaka 2009. Chukua urefu wa mtoto kwa sentimita, uzidishe kwa 0,413, halafu ugawanye kwa kreatinini. Muuguzi wetu alimsimamisha mtoto ukutani, bila viatu: sentimita 110. Ni urefu wa mtoto wa miaka mitano, kwa sababu Crohn ilikuwa imezuia kukua kwake. Mara 0,413, ni 45. Gawanya kwa 1,0, inabaki 45. Kwa figo nzima tungetazamia 90 au zaidi. Mtoto aliyeandikiwa «kawaida» alikuwa amebaki na nusu ya nguvu ya figo zake.

Tena hata hiyo 45 ilikuwa ya kupendelea. Mtoto aliyekonda sana ana misuli kidogo kuliko urefu wake unavyodai, kwa hiyo kreatinini yake inapanda taratibu na kuficha ukweli. Tunaeleza hesabu hii si ili kila mzazi ajifanye daktari. Tunaieleza kwa sababu ni ya shule ya msingi, na mzazi anayejua urefu wa mtoto wake anaweza kuuweka mezani na kusema: «Daktari, naomba tuhesabu kwa urefu wake.» Kama labo imeandika kwa mikromoli, hesabu ndefu kama 88, gawanya kwanza kwa 88,4.

Kitu kingine kinachofichwa ni presha. Figo zinazoumia hupandisha presha hata kwa watoto, lakini nani humpima mtoto presha? Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba hudanganya: huonyesha hesabu ndogo kuliko ilivyo. Vituo vya afya vya makanisa yetu vinavyotafuta msaada wa vifaa viandike kwenye orodha yao mkanda mdogo wa watoto.

Na kuvimba. Kwetu mtoto akivimba miguu na uso tunasema bwaki, tunampeleka kwenye maziwa ya lishe, na mara nyingi ni sahihi. Lakini mtoto mwenye utumbo wenye vidonda anaweza kuvimba kwa sababu protini inatokea kwenye choo, au kwa sababu inatokea kwenye mkojo kupitia vichujio vilivyoharibika. Kwa macho haviachani. Bandeleti moja ya mkojo huvitenganisha kwa dakika mbili, nayo ni kati ya vipimo vya bei ndogo kabisa.

Maji, kufunga, na dawa za dukani

Hapa inatupasa kusema jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Miezi miwili kabla ya karatasi ile, kanisa lilikuwa na siku tatu za kufunga kavu, bila chakula wala maji. Mama wa mtoto aliuliza kama mwanawe afunge naye, kwa kuwa maombi yalikuwa kwa ajili ya wagonjwa na yeye mwenyewe ni mgonjwa. Mzee mmoja alijibu kwamba mtoto wa miaka minane anamjua Mungu tayari. Sisi tulikuwa tumekaa pale, tukanyamaza. Mtoto alifunga siku moja na nusu, huku akiharisha. Hatusemi kwamba ndiyo iliyoharibu figo zake. Madaktari waliona ni dawa. Lakini figo ambazo tayari zimewaka hazikupaswa kunyimwa maji, na mdomo wetu ungeweza kulizuia.

Tangu hapo tumekubaliana katika baraza la wazee: mtoto hafungi kavu, na mgonjwa wa tumbo au wa figo, mkubwa au mdogo, hafungi kavu hata akiomba. Anaweza kuja kuomba na chupa yake ya maji. Wachungaji wenzetu wanaosoma, tunawasihi mlitangaze waziwazi, si kwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu mama mwenye mtoto mgonjwa hatauliza. Ataogopa kuonekana hana imani.

Wakati wa kuharisha, maji matupu hayatoshi kwa kuwa chumvi nayo imetoka. Pakiti za serumu ya kunywa ndizo bora. Zisipopatikana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Isizidi. Mtoto anywe kidogo kidogo. Asipokojoa nusu siku nzima, au akitapika kila anachokunywa, apelekwe hospitali, kwa maana hapo kazi si ya nyumbani tena.

Maumivu yanapozidi, watu hukimbilia duka la dawa, nao hupewa ibuprofeni au diklofenaki. Dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mtoto aliyekauka ni kama kufunga bomba ambalo tayari linadondosha. Aidha zinaweza kuamsha vidonda vya utumbo. Parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake, ni salama zaidi. Sindano ya gentamisini nayo inajulikana kwa kuumiza figo; zipo siku ambazo inahitajika kweli, lakini ichomwe na mtu anayejua kwamba mtoto ana shida hii. Dawa za majani, za kunywa au zile za kumwingizia mtoto kwa nyuma ili «kusafisha tumbo», tunaziogopa kabisa kwa mtoto huyu. Mashine ya kusafisha damu, wakati figo zimeshindwa, iko katika hospitali chache sana za nchi yetu, na bei yake haijawahi kuwa ya familia ya kawaida.

Tumewashauri wazazi wote watatu waweke daftari moja. Ndani yake kila mwezi: uzito, urefu, mtoto anakojoa mara ngapi na rangi gani, na jina la kila dawa, hata ile ya majani, kwa sababu daktari hawezi kuuliza asichokijua. Pembeni wabandike kila karatasi ya labo. Familia moja ilihama avenyu usiku, ikaacha vyombo, ikabeba daftari.

Mtoto wa papa yule alipelekwa tena kwa madaktari wiki ile ile. Walisimamisha mesalazini, wakampa dawa nyingine kwa Crohn na nyingine ya kutuliza uvimbe wa figo. Baada ya miezi mitatu kreatinini yake ilikuwa 0,7. Muuguzi alimsimamisha tena ukutani, kwenye chumba cha shule ya Jumapili, ambako alama ya kwanza ya penseli bado ipo: sentimita 112. Hesabu ikatoa 66. Si 90, na madaktari wamesema pengine haitafika, lakini imepanda. Papa ameandika 66 kwenye daftari, na chini yake tarehe ya kipimo kitakachofuata.